Neno "barakoa" lilivyomtoa Kajetani kazini

Saa moja na nusu asubuhi, mjini Songea, mvua inapiga bati na Zulfa Abdulswamadu anapiga vitufe vya kompyuta kwa nguvu isiyohitajika. Mwenzake wa meza ya pili ameshahamisha kikombe cha chai kisije kikamwagika. Kwenye kioo kuna mistari ya programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Anatafuta neno moja, analifuta, anaandika jingine.

"Neno lenyewe ndilo hili," anasema bila kugeuka. "Barakoa. Wallahi kila nikiliona natamani kuitupa hii mashine dirishani."

Zulfa, 29, mzaliwa wa Nalasi wilayani Tunduru, ni fundi wa kompyuta wa shirika moja linalogawa miche ya korosho kwa wakulima. Shirika hilo halitajwi hapa kwa sababu shauri bado halijaisha.

Kazi yake ni kutunza mafaili ya majina, 212 kwa jumla. Kila faili lina orodha ya ruhusa: nani anaweza kulisoma, nani anaweza kuandika ndani yake. Kompyuta huihifadhi orodha hiyo kwa namba ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzielewa. Zulfa alitumia Jumapili za miezi minne kuandika programu ya kuzigeuza kuwa maneno ya Kiswahili.

"Nilichoka kuitwa kila saa, 'Zulfa njoo, nani anaruhusiwa kufungua hili?' Nikasema ngoja niwape kitu wasome wenyewe."

Wakasoma. Ndipo balaa lilipoanza.

Novemba, wiki chache kabla ya mvua, majina ya wakulima 41 wa Nalasi yalitoweka kwenye orodha ya miche. Jina mojawapo lilikuwa la mzee Abdulswamadu, baba yake Zulfa, ambaye alikuwa ameshachimba mashimo sitini shambani kwake.

Kamati ikaitishwa. Mwenyekiti wake, mkuu wa kitengo aitwaye Fulgence, aliagiza aletewe karatasi ya ruhusa za faili lile. Zulfa akaichapa. Ilikuwa na mistari minne:

Mwenye faili: kusoma, kuandika.
Kajetani: kusoma, kuandika.
Barakoa: kusoma.
Wengine: kusoma.

Mstari wa tatu ndio uliobeba ukweli wote. Katika orodha hizo kuna kikomo kinachowabana watu walioongezwa kwenye faili lisilo lao, kama Kajetani. Hata kama mtu ameandikiwa ruhusa kumi, kikomo kikisema kusoma, basi atasoma tu. Kwa Kiingereza kikomo hicho huitwa mask. Zulfa alifungua kamusi, akakuta "barakoa", akaliweka hivyo hivyo.

"Mjumbe mmoja akaniuliza kama na kompyuta ina korona," anakumbuka. "Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Wakaruka mstari, wakasoma jina la Kajetani, wakafunga mjadala."

Dakika ishirini tu. Karani Kajetani Mapunda, 34, aliyelitumikia shirika miaka sita, alisimamishwa kazi siku ile ile. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Mtu mzima anatolewa kazini kwa karatasi ambayo walioisoma hawakuielewa, na hakuna aliyeona aibu kusema, "Jamani, hapa sijaelewa."

Zulfa hajitoi kwenye lawama. "Na mimi nilinyamaza. Jina la baba yangu limefutwa, nikaamini haraka haraka. Kajetani alinipa mkono pale mlangoni akiniaga. Sikuupokea."

Siku kumi baadaye Kajetani alimpigia simu. "Dada Zulfa, mimi tangu Oktoba faili lile linanigomea. Nikirekebisha jina, linakataa kuhifadhi. Nilikwambia, ukasema utaangalia."

Alikuwa amemwambia kweli. Oktoba hiyo Zulfa mwenyewe alipunguza ruhusa za mafaili yote kwa amri moja, kisha akasahau. Alifungua nakala za akiba za Jumamosi mbili, ya kabla ya majina kufutwa na ya baada yake. Zote zilisema kitu kimoja: kikomo, kusoma tu. Kajetani asingeweza kufuta hata herufi.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema Zulfa. "Astaghfirullah. Nimemmaliza mtu kwa neno."

Akairekebisha programu. Sasa kila mstari unasema mtu ameandikiwa nini na anaweza nini hasa: "Kajetani ameandikiwa kusoma na kuandika, anaweza kusoma tu."

Karatasi mpya ameipeleka kwa mwenyekiti mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa kikao kilishafungwa. Mara ya pili, jalada liko juu. Mara ya tatu, aache kuchanganya mambo ya kompyuta na ya utawala. Mara ya nne Fulgence aliisoma yote, kisha akamwomba auondoe mstari wa kwanza, akidai hauna umuhimu.

Mstari wa kwanza ni wa mwenye faili, na mwenye faili habanwi na kikomo. Mwenye faili lile ni Fulgence.

"Sijasema ni yeye aliyefuta," Zulfa anasema, sauti ikipanda. "Nywila yake ameibandika chini ya kibodi, nusu ya ofisi wanaijua. Na mimi msimamizi wa mfumo ninafungua faili lolote. Mbona hawakuniuliza mimi? Walimkimbilia karani kwa sababu hana wa kumsemea!"

Alipotafutwa na mwandishi huyu, Fulgence alijibu kwamba suala hilo "lipo kwenye utaratibu". Utaratibu huo una wiki saba sasa. Miche ya Nalasi ingali kitaluni inarefuka, na mvua inaendelea kunyesha kwenye mashimo matupu.

Jumatatu kamati itakaa tena. Zulfa naye amepewa barua ya kujieleza, eti amechapa nyaraka bila idhini. Anasema haogopi. Mpango wake ni kusimama na kusoma mistari yote minne kwa sauti, akianza na ule alioambiwa auondoe. Pale palipokuwa na barakoa ameshaweka "kikomo".

Kajetani hatakuwepo kikaoni, hakualikwa. Tulimkuta kijijini Mpitimbi akipalilia mahindi pamoja na mama yake, Bibi Ida, ambaye aliitikia shikamoo yetu bila kuinua uso. Tangu Desemba, anasema Kajetani, kuna majirani wanaomwambia mama huyo kwamba mwanawe ni mwizi wa miche.

Wiki iliyopita shirika lilimletea barua: anaweza kurudi kazini endapo atasaini kwamba amekubali onyo. Hakusaini.

"Nikubali onyo la nini?" anauliza, akichomeka jembe ardhini.

Tulimuuliza kama barua ya kumsafisha ingetosha. Alimtazama mama yake, aliyekuwa ameshatangulia hatua kadhaa mbele.

"Hata wakileta barua mia, mama hajui kusoma," alisema. "Mimi namtaka Bwana Fulgence mwenyewe. Aje hapa hapa, asimame mbele ya mama, aseme kwa mdomo wake kwamba Kajetani hakufuta jina la mtu."