Siku Mama Alipovuka Daraja la Treni

Reli haifiki Kasongo mjini. Inapita upande wetu, ng'ambo ya mto Lualaba, na kabla ya stesheni inavuka mto mdogo ambao wakati wa mvua unasahau udogo wake. Baba yangu alitengeneza reli hiyo maisha yake yote, na hata ukija kumwomba chumvi atakueleza daraja zima: Wazungu walichora, babu zetu wakabeba mawe, nguzo zilichongwa ncha upande maji yanakotoka, kama mbele ya pirogi, mtumbwi wetu, ili mto ujigawe wenyewe, vyuma vikashonwa kwa riveti, misumari minene inayopigwa ingali nyekundu kwa moto.

Siku hizi treni inapita inapojisikia, kwa hiyo daraja ni letu sisi wenye miguu na baiskeli za mawese. Letu sote isipokuwa mama. Yeye alivuka kwa pirogi tangu aolewe. Baba alimtania kwamba mke wa fundi anaogopa daraja, naye akamjibu kila mara kuwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Halafu mke wangu akajifungulia kwao, ng'ambo ya mto huo mdogo. Kwetu mtoto hatoki mlangoni mpaka mama wa baba yake amnong'oneze jina sikioni, na jina lenyewe analijua bibi peke yake. Siku ya jina ikafika mto umefurika, wavuvi wamefunga pirogi zote. Asubuhi na mapema nikatoka kwa wakwe, nikavuka daraja kwenda kumchukua mama. Nilikuwa na wasiwasi kweli, maana wakwe walishachinja kuku na mke wangu alikuwa amechoka kufungiwa ndani.

Baba, masikini, akataka kumtuliza. Akamweleza kwamba daraja halivunjiki kwa sababu halikukazwa pande zote mbili: ncha moja imefungwa, nyingine inakaa juu ya magurudumu ya chuma, ili jua likiwaka chuma kirefuke bila kupasua nguzo.

Mama akakaa chini. "Miaka yote ulisema iko nguvu," akamwambia. "Kumbe inatembea."

Jamani, nilimkasirikia yule mzee! Nani alimwomba habari za magurudumu? Lakini mama hakurudi ndani. Akauliza linatembea saa ngapi. Baba akasema wakati wa jua kali. Asubuhi chuma bado kimelala. Mama akatazama ukungu, akajifunga kitenge upya, akasema basi twende sasa, kabla hakijaamka.

Baba alitangulia, mama nyuma yake, mimi mwisho. Maji ya udongo yalinguruma chini ya mbao. Katikati mama akasimama. Nikajua yamekwisha, nikaanza kutafuta maneno ya kuwaambia wakwe.

Kumbe alikuwa anatazama vyuma. Akamuuliza baba riveti zake yeye ni zipi. Baba akainama, akamwonyesha safu moja aliyoibadilisha ujanani. Mama akazipapasa moja moja.

"Ni hizi," akasema, "zilikuwa zinakurudisha kwangu mikono imeungua, nakupaka mawese mpaka unalala."

Baba hakutania. Mama akamshika mkono, wakaenda hivyo hadi ng'ambo, nami nikajiona mtu mwenye bahati.

Kwa wakwe, mama akainama kwenye sikio la mwanangu. Masikio yake mwenyewe yamezeeka, hajui tena kunong'ona, na nyumba nzima ikasikia jina la baba yangu.