Hatua Tisini za Mweri

Mimi na Mweri tumepakana ukuta hapa Changamwe miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kuelewa kwa nini mtu anayekwepa malori wiki nzima apande gari Jumapili kwenda kukimbia tena. Aliyemwambukiza ni mumewe, Ruwa, fundi wa matairi. Walikwenda kule kwenye vilima vya Kwale vyenye nyasi tupu hadi juu, njia moja ya kwenda na kurudi.

"Mnalipa nauli mkatafute jasho?" niliwatania. "Hapa kwetu lipo la bure!"

Walikuwa na desturi yao. Walianza pamoja, lakini Ruwa alikuwa na mbio, naye Mweri mzito wa vilima. Ruwa alifika kwenye jiwe la mwisho wa njia, akageuka. Popote alipokutana na mkewe walipigana viganja, na Mweri akageuka hapo hapo, wakashuka pamoja. Mweri hakuwahi kugeuka peke yake, isipokuwa siku moja.

Siku hiyo, Machi mwaka jana, goti lilimuuma. Kilima cha tatu kina mti mmoja tu. Alisimama chini yake akangoja, hakumwona Ruwa, akajisemea, "Atanikuta chini." Akashuka, akaagiza chai mbili kwa mama wa mahamri. Ya Ruwa ikapoa.

Ruwa alikuwa ameanguka akirudi, nyuma kidogo ya mgongo wa kilima. Ni moyo, walisema hospitalini. Mchunga ng'ombe ndiye aliyemkuta, angali anapumua, lakini alikata roho kabla ya kufikishwa barabarani.

Baada ya mazishi nilikwenda kumshukuru yule mchungaji, akanionyesha mahali. Niliporudi, Mweri aliniuliza jambo moja tu.

"Eddah, nambie kweli. Kutoka pale mtini, ni mbali?"

"Mbali sana, dadangu. Vilima viwili mbele. Usingefika."

Wallahi, nilikuwa nimesimama pale pale alipoanguka Ruwa, na matawi ya ule mti nimeyaona kwa macho yangu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa hajalala siku tisa. Usiku ule akalala. Nami, mjinga, nikajipongeza.

Machi hii akasema anakwenda kumaliza njia. Nikataja mvua, nikataja goti. Hakunisikia. Basi nikafuatana naye, nikabaki kwa mama wa mahamri, roho juu, nikiomba apotee njia. Lakini kwenye njia moja mtu hupotelea wapi?

Alirudi akitembea, viatu mkononi. Nilijua kabla hajafika. Aliketi kando yangu, akajifuta nyasi miguuni taratibu.

"Yule mchungaji amepanga mawe pale," akasema. "Kamfanyia wema."

"Mweri..."

"Ni hatua tisini, Eddah. Nimezihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi."

Nilimwomba radhi. Nililia kuliko yeye, jambo lililonitia aibu, maana mwenye msiba alikuwa yeye. Nikamwambia daktari alisema hata angefika, hakuna ambacho angeweza kufanya, na hilo halikuwa uongo.

Mweri alikuwa akikitazama kiganja chake.

"Nisingemponya, najua," akasema. "Lakini tungekutana."