Kikapu cha Mwalimu Mgeni

Juzi kwenye kituo cha kununua majani chai huku Roret, karani alimwaga kikapu cha mwalimu mpya wa Kiingereza, mgeni aliyetoka ng'ambo.

"Haya ni magumu. Tunataka majani mawili na chipukizi."

Mama mwenye nyumba anakokaa mwalimu akainama kumsaidia kuchambua.

"Wacha, Mama," mwalimu akasema. "Watoto mimi narudishia insha, wanaandika tena."

Akaketi juu ya gunia, akachambua jani moja moja, foleni ikimcheka. Karani akapima kilichobaki.

"Kilo mbili. Umepita, Mwalimu."

Zamu yangu ikafika. Nilikumbuka majani magumu niliyoficha chini ya kikapu changu, nikatoka kwenye foleni kimyakimya, nikaomba lile gunia.