Datsun Iliyoliwa na Chumvi

Bwera nzima, mpakani mwa Uganda na Kongo, ilimjua Syahuka kwa kupiga. Mchana alipiga bodi za magari kwa nyundo, na mtu akimkosea, alimpiga mtu. Alimng'oa meno mawili mwendesha boda aliyeegemea mlango wenye rangi mbichi. Alimzaba kofi shemeji yake mwenyewe siku ya harusi, mbele ya katekista, kwa neno ambalo leo hakuna anayelikumbuka. Akishapiga alinawa mikono, akaagiza chai, akarudi kazini. Watu walisema hasira hasara, lakini walisema akiwa mbali. Walimwogopa, na kule kuogopwa kulimnenepesha.

Kupiga alikusomea kwa baba yake. Mzee Erisa alibeba chumvi ya ziwa la Katwe kwa Datsun 1200 nyeupe, magunia manne nyuma na moja kiti cha mbele, mpaka Kasese mjini. Mwanawe alipakia, akapakua, akasukuma gari likigoma, akaliosha. Usukani hakuugusa. Siku moja, akiwa na miaka kumi na miwili, alikaa kwenye kiti cha dereva injini ikiwa imezimwa, akageuza usukani huku akiunguruma kwa mdomo. Mzee aliokota mkanda wa feni uliokatika, akamchapa mpaka shati likagandamana na mgongo. Mama alipoushika ule mkono ili kuuzuia, naye alipata fungu lake. Kosa lenyewe lilikuwa kukaa kwenye kiti tu.

Mzee alipokufa Syahuka hakutoa chozi. Aliuliza gari liko wapi.

Lilikuwa Katwe, nyuma ya nyumba ya shangazi, juu ya mawe, kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma. Miaka ya kubeba chumvi mbichi inayovuja maji ilikuwa imelitafuna kutoka ndani. Ukibonyeza sakafu kwa kidole, kidole kilitokea upande wa pili. Watu walidhani atalikata auze vyuma chakavu. Yeye alilipakia kwenye lori, akalileta Bwera, akasema atalifanya gari ambalo baba yake asingethubutu kuliendesha. Maneno hayo aliyasema kwa meno yaliyoumana, na kweli alilitengeneza gari lile kama mtu anayelipiza kisasi. Alikata sakafu yote akachomelea bati jipya. Alipasua matao ya magurudumu ili rimu pana zipate kuingia. Alishusha springi mpaka gari likalala karibu na barabara, akatoboa boneti kwa tindo, kila pigo akiguna.

Kwa upande wa injini alikwama, maana Syahuka ni mtu wa bodi. Hapo ndipo Philippe alipoingia katika habari hii.

Philippe alikuwa fundi wa injini kutoka Beni, upande wa Kongo. Waasi walikuja mtaani kwao saa tatu asubuhi, wakamuua kaka yake kwenye mlango wa gereji kisha wakaitia moto gereji yenyewe. Yeye na mkewe Esperance walivuka mpaka na sufuria moja na boksi la spana. Alikuwa mtu mpole, mfupi, aliyesikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma. Wiki ya kwanza tu ya kazi Syahuka alimwinulia mkono, tena mkono wenye nyundo, kwa sababu alikuwa ameifungua kabureta bila kumwuliza. Philippe hata hakugeuka.

"Kama unataka kunipiga, piga," alisema. "Kisha unipe spana ya kumi na tatu."

Syahuka alisimama pale na nyundo yake hewani. Kisha akampa spana ya kumi na tatu. Tangu siku ile wawili hao wakawa chanda na pete, na mkewe Syahuka, Tabisa, alisema wazi kwamba katika maisha yake yote hajaona mume wake akimchekea mtu kwa upendo isipokuwa huyo Mkongo.

Walifanya kazi miaka minne. Philippe aliagiza Butembo injini ya Toyota ya cc elfu mbili, ikavushwa mpaka kwa vipande, akaikita mahali ambapo ile ndogo ya zamani ilikaa kwa nafasi tele. Akaweka kabureta mbili zilizochungulia kwenye tundu la boneti, gia boksi nyingine, na difu ya magurudumu ya nyuma iliyotoka kwenye gari zito zaidi. Rangi walipuliza nyekundu, tabaka baada ya tabaka, Syahuka akisugua msasa wa maji mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya boneti taratibu sana. Tabisa aliyaona hayo, akaingia ndani.

Katika miaka hiyo waligombana mara moja tu, nayo ilikuwa juu ya sailensa. Syahuka aliitaka itoke, ekzosi iwe bomba tupu, mlio usikike ng'ambo ya mto wa mpakani. Philippe alikataa. Alieleza kwamba kabureta mbili zinamwaga mafuta mengi, na dereva akiachia mguu ghafla, mafuta yasiyoungua yatalipukia kwenye bomba la moto. Mlio wake utakuwa ni bunduki kabisa.

"Huku batu banasikia mulio, banakimbia," alisema. "Mimi pia ninakimbia."

Hilo kila mtu wa mpakani analijua. Tangu waasi walipoanza kuvuka usiku na kuua, Bwera ina desturi yake: mtu akitaka kupasua mawe kwa baruti, au akiwa na harusi yenye fataki, humpa taarifa mwenyekiti wa kijiji, naye hutangaza kwenye spika zilizofungwa juu ya mlingoti wa soko. Leo saa fulani mtasikia kishindo, msiogope, ni mawe ya fulani. Hata mapadri hutangaza. Basi Philippe, Syahuka alipoing'oa sailensa kwa nguvu, aliomba angalau gari litangazwe.

Syahuka alicheka. Aliuliza kama gari lake ni ng'ombe aliyepotea hata litangazwe sokoni. Alitaka watu washtuke. Alitaka wageuze shingo waone nani anapita, na ukimtangaza mtu mapema, nani atageuka? Philippe alifuta mikono, akaingia kwenye gari kando yake, kwa sababu kabureta ya pili ilikuwa bado haijatulia na alitaka kuisikiliza. Alichukua na spana ndefu ya kuikazia.

Ilikuwa siku ya soko la Mpondwe, pale mpakani chini ya Bwera, kama saa tano asubuhi. Barabara imejaa mikokoteni ya kahawa, akina mama na vitunguu, Wakongo na vitenge. Datsun iliteremka kutoka Bwera kwa mngurumo uliotetemesha mabati, na Syahuka, mwenye miaka hamsini na miwili, aliketi kwenye kile kiti akacheka peke yake. Kweli watu waligeuka. Mkokoteni ukakatisha mbele, akaachia mafuta ghafla.

Pa. Pa. Pa-pa.

Soko lilipasuka. Hakuna aliyeangalia mlio umetoka wapi. Watu waliowahi kulala msituni na watoto wao hawasubiri kuangalia. Meza zilipinduka, wengine walijitupa mtaroni, wengine walikimbilia mtoni. Naome, muuza vitunguu, alikanyagwa mpaka mkono ukavunjika sehemu mbili, na sauti yake ikawaongezea wengine hofu. Gari lilizimika katikati ya barabara, moshi ukitoka nyuma.

Philippe alifungua mlango akashuka. Spana ndefu ilikuwa bado mkononi. Aliinua mikono yote miwili akaita kwa lafudhi ya Beni kwamba lile ni gari, "Ni mutuka, ni mutuka tu, musikimbie." Lakini waliomwona waliona mgeni wa kutoka ng'ambo, chuma kirefu juu ya kichwa, na moshi nyuma yake. Mwanamume mmoja aliyekuwa amelala chini aliinuka na jiwe. Akasema, "Ndiye huyu."

Hofu ikishageuka hasira haina macho. Jiwe la kwanza lilimpata Philippe begani, la pili mdomoni. Akaanguka kwa magoti, nao wakamfikia. Walimpiga kwa mipini ya majembe, kwa mawe ya mizani, kwa mateke. Mwanamke mmoja aliyekuwa amepoteza wana wawili alimpiga kwa kandambili huku akilia, na pigo lake halikuwa na uzito wowote, ila hakuacha. Mkono wa Philippe ulivunjika kwa mlio uliosikika. Alikuwa akiita jina moja tu. Alikuwa akiita Syahuka.

Na Syahuka? Huyu aliyeng'oa watu meno kwa ajili ya rangi mbichi? Alikuwa ameshashuka. Angeweza kusema neno moja kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji: gari ni langu, mlio ni wangu, huyu ni mtu wangu. Walimjua wote, wamemwogopa miaka thelathini, wangesimama. Alifungua mdomo. Wakati huohuo vijana wanne walizunguka kuja kwenye gari, mmoja ameinua shoka juu ya boneti. Syahuka alimrukia, akamtupa mtaroni, kisha akajilaza juu ya boneti, mikono imekumbatia huku na huku, kifua juu ya zile kabureta za moto zilizomuunguza ngozi. Akapiga kelele kwa Lhukonzo. Alisema gari ni langu, ni la baba yangu, msiliguse.

Wakaliacha. Walimwogopa kweli. Wakageuka, wakaenda kuongeza mikono kule walikokuwa wenzao. Yeye akabaki amelala pale, kichwa amekielekeza upande mwingine, akisikia.

Wanajeshi walifika mbio kutoka kizuizi cha mpakani, wakapiga hewani. Safari hii ilikuwa risasi ya kweli na watu wote wakalala. Afande aliuliza silaha iko wapi. Syahuka alinyoosha kidole kwenye bomba la ekzosi. Afande akaingia garini, akawasha, akakanyaga mafuta, akaachia. Pa. Pa. Akashuka pole pole.

"Ni hii tu?" aliuliza.

Watu walitazama mikono yao. Mwenye jembe aliliweka chini kwa adabu, kana kwamba aliliazima. Wawili kati yao ndio waliombeba Philippe hospitalini kwenye mkokoteni wa kahawa, wakikimbia na kulia, na hilo nalo halikufuta walichofanya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hakufa. Alilala siku tatu bila kujua mtu. Jicho la kushoto lilipotea. Mkono wa kulia waliunga, lakini vidole vitatu daktari alisema visitegemewe, na fundi wa injini asiye na vidole ni nani? Syahuka alikuja kila siku akasimama nje ya wodi. Esperance alimletea kiti. Alimwona kifua kimefungwa bandeji za kuungua, akamshukuru, akamwita shemeji, akamgawia uji wa mgonjwa. Aliunywa. Akaumaliza.

Siku ya nne Philippe alifumbua jicho. Wakamwita Syahuka ndani. Mgonjwa aliitazama bandeji ya kifuani, midomo imevimba.

"Mutuka iko muzima?"

"Iko mzima," Syahuka alisema. "Haina hata mkwaruzo."

Philippe alijaribu kutabasamu. "Basi ulipigana mingi, ndugu yangu."

Esperance alikubali kwa kichwa, akampapasa Syahuka bega. Syahuka angeweza kunyamaza. Hakuna mtu sokoni ambaye angethubutu kumsema, na aibu ya wale wengine ilikuwa kubwa kiasi cha kumfunika na yeye. Alitazama ile mikono yake mikubwa iliyopiga watu maisha yake yote, akaona haya, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkanda wa feni.

"Sikupigana, Philippe. Ulikuwa unaniita na nilisikia. Nililala juu ya gari."

Esperance aliondoa mkono begani. Philippe alimtazama kwa jicho moja, bila hasira, kama alivyokuwa akitazama injini akijua tayari kwamba haitengenezeki. Kisha akageuza uso taratibu ukutani.

"Ukitoka," alisema, "ufunge mulango."