Mwanamke Mwingine Anajua Mume Wangu Atakula Nini Alhamisi

"Mwanamke anayeonea wivu bakuli la mboga za majani hajiamini, na ndoa yake ilishakufa zamani."

Maneno hayo aliyaandika dada mmoja kwenye ukurasa huu wiki iliyopita, na wengi mkamuunga mkono. Mimi nakataa. Huku kwetu Usukumani mume akikukasirikia, mara nyingi hakupigi wala hakufukuzi. Anasusa ugali wako, anakwenda kula kwa mama yake, na kesho yake wazee wa pande zote mbili wamekaa kujadili. Kama kuacha chakula cha mke ni kesi ya wazee, kula cha mwanamke mwingine wiki nzima kunageukaje kuwa "afya"? Nijibiwe hilo kwanza.

Admin, ficha jina langu. Nina miaka arobaini na tisa, ni mwalimu wa sekondari, naishi Nyasubi hapa Kahama. Niko kwenye ndoa mwaka wa ishirini na mbili, na mapacha wetu wako chuo. Mume wangu, tumwite Baba Kulwa, anafanya kazi stoo kwenye mgodi upande wa Segese. Gari la wafanyakazi linamchukua alfajiri, linamrudisha jioni.

Mwaka jana daktari alimwambia presha imepanda, apunguze mwili. Alikuja kwangu kwanza, hilo silifichi. Aliingia jikoni na daftari akasema, "Mama Kulwa, tupange chakula cha wiki nzima, Jumatatu mpaka Jumapili, niache kula kila ninachokutana nacho." Nilicheka. Nikamwambia, "Unataka kuandikiwa chakula kama mgonjwa wa wodini? Mimi napika kilichopatikana sokoni." Alifunga daftari, hakurudia tena.

Aliyekubali kupanga ni mwanamke wa ofisini kwao, mjane mwenye miaka thelathini na nane, nimpe jina la Mama Neema. Kila Jumapili akitoka kanisani anapika chakula cha mchana cha wiki nzima, chake na cha wenzake wanaotaka kupungua, anakigandisha kwenye vikopo. Juu ya kila kikopo anabandika karatasi yenye jina na siku. Mume wangu anakwenda kuvichukua, anavipanga kwenye friji langu mwenyewe. Nikifungua kutoa maziwa, nakutana na mwandiko wa mwanamke mwingine umeandika jina la mume wangu mara tano.

Kuna wiki sikukuu iliangukia Alhamisi. Nikamuuliza, "Huendi kazini, nikupikie nini mchana?" Hakufikiri hata kidogo.

"Alhamisi ni samaki wa kuchemsha na bamia."

"Nani kasema?"

"Imepangwa, Mama Kulwa."

Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa najua tumbo la huyu mtu kuliko yeye mwenyewe. Siku hiyo nilisimama jikoni kwangu kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi.

Basi akapungua. Suruali zikamvuka. Kanisani rafiki yake akamtania, "Baba Kulwa, umerudi kijana, unataka kuoa tena?" Akacheka, akajibu mbele yangu, "Mshukuruni Mama Neema." Nilikuwa nimeshika mkono wake. Nikauachia.

Kilichobaki changu kilikuwa chakula cha jioni. Hata hicho Mama Neema alikuwa amekiandikia sharti: ugali mdogo, mboga bila kuunga. Nami nikaanza. Nilisaga karanga laini mpaka zikawa kama unga, nikazichanganya kwenye mlenda, na mafuta ya alizeti nikayamimina nikiwa peke yangu. Akauliza, "Mbona mlenda mzito leo?" Nikamwambia ndivyo ulivyo mlenda wa msimu huu. Akala, akaramba vidole, akaniambia, "Mke wangu, mkono wako haujapotea." Mnajua nilivyofurahi? Nililala kama bibi harusi.

Mzani wa kazini kwao, wanaojipimia kila Jumatatu, ukagoma. Jumatatu ya kwanza haukushuka, ya pili ukapanda. Ndipo Mama Neema akapiga simu, mume wangu akaiweka sauti ya juu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, usinielewe vibaya. Mchana namsimamia mimi, na mchana hauna tatizo. Kuna kitu kinaingia jioni. Naomba na jioni nimpangie mimi, tuone."

Nikamtazama mume wangu, nikingoja aseme hapana. Akasema, "Wazo zuri. Utapumzika na wewe, Mama Kulwa."

Sasa vikopo ni kumi. Nasonga ugali wangu, nakula peke yangu, yeye ananikalia mbele na kikopo chake. Na mzani umeanza kushuka tena, kwa sababu karanga zangu hazipo. Kila kilo inayotoka mwilini mwake inamtetea yule mwanamke na kunishitaki mimi. Jumatano ijayo anarudi kwa daktari. Alikuwa ameambiwa kwamba mwili ukigoma ataongezewa dawa, na mpaka leo haelewi kwa nini uligoma. Mimi naelewa.

Nikikiri, nimejitangaza kuwa mke aliyemlisha sumu mgonjwa wa presha. Nikinyamaza, nimemkabidhi Mama Neema meza yangu kwa mikono yangu. Daftari nimeshanunua. Nimeandika wiki nzima, bila mafuta, bila karanga, na ni mpango mzuri kuliko wake. Lakini nitamshawishi vipi aurudie mkono wangu bila kumwambia ulichofanya?

Wenye kuniandikia "muombee" na "jiamini dada", piteni kimya, hamjaulizwa. Nawauliza ninyi wanaume wenye presha mliomo humu, mnaopangiwa chakula na watu wasio wake zenu. Mkeo akipiga magoti leo akakueleza alichotia kwenye mlenda na kwa nini alikitia, utakula tena alichopika? Msinijibu kwa kicheko. Nijibuni ndiyo au hapana, kabla ya Jumatano.