Volyumu Iliyogoma Kushuka

Gitaa la solo la kwaya yetu pale Mlowo lilianza kukwaruza. Ukigusa volyumu tu, spika inalia kama mtu anakaanga bisi. Mpigaji nilikuwa mimi, na mimi kiherehere nimezaliwa nacho. Shule niliishia la saba, lakini kufungua vitu hakuhitaji cheti. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikanyonya petroli kidogo kwenye pikipiki, nikazimwagia volyumu zote mbili, ya sauti na ya toni. Si hata plagi tunasafisha kwa petroli na pikipiki inawaka? Kukwaruza kukaisha. Sauti nayo ikaisha.

Hapo utani ukanikauka mdomoni. Kwetu hugusi chombo cha kwaya mpaka mtu mzima asimame mbele ya kamati aseme, "Huyu namdhamini mimi." Kikiharibika, anayejibu ni yeye, siyo wewe. Mdhamini wangu alikuwa mjomba, mwalimu wa kwaya, aliyenifundisha solo tangu vidole vyangu havijafika kwenye nyuzi. Wazee walimwambia, "Huyo mpwa wako hatulii." Akawajibu, "Niachieni mimi." Sasa ningemwambiaje? Nikalifunga gitaa kwenye kiroba, Jumamosi asubuhi nikapanda gari kwenda Tunduma.

Fundi redio mmoja, karibu na foleni ya malori, alifungua gitaa, akazing'oa zile volyumu na kuzigeuzageuza kwenye mwanga.

"Zako zimeandikwa A, halafu mia tano." Akamwaga mezani kopo zima la volyumu kuukuu, za redio na za sabufa. "Mimi hapa nina B tu. Za hamsini."

"Kwani tofauti iko wapi, kaka? Si zote zinazunguka?"

"Hata feni inazunguka, dogo. Nikufungie?"

Mama mmoja wa Kizambia aliyekuwa anasubiri simu yake alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikacheka pia.

"Sikia," fundi akasema. "A inashuka taratibu, kama sikio linavyotaka. B utaizungusha weee, sauti ipo tu, ukikaribia mwisho inadondoka. Halafu hiyo hamsini ni ndogo, itaziba ile sauti kali. Subiri Jumatatu niulizie ng'ambo ya mpaka, Nakonde."

Jumatatu, wakati ibada ni kesho! Nikaanza kuchagua kwenye lile lundo kama mama anavyochagua mbegu ya mahindi: inayong'aa, isiyolegea. Nikapata mbili zinazozunguka laini kama zimepakwa mafuta, na vile vifuniko vya gitaa vya kuzungushia vikaziingia sawasawa. Nikajiambia, nani kanisani anasikia herufi? Fundi akazichomelea huku anatikisa kichwa.

Kwetu mchungaji akianza kuombea wagonjwa, solo halinyamazi. Linashushwa mpaka liwe kama linapumua chini ya maombi. Jumapili ile mama mmoja alikuja mbele na mtoto wake aliyetoka kulazwa. Mchungaji akashusha sauti. Nikazungusha volyumu. Wapi! Nikazungusha tena. Gitaa linabweka tu, sauti yenyewe nzito kama imefunikwa blanketi. Mtoto akaanza kulia. Nikazungusha zaidi, likakata kabisa. Kanisani kikabaki kilio cha mtoto tu. Mjomba akafumbua macho. Hakuniangalia usoni, aliangalia mkono wangu.

Baada ya ibada kamati ikakaa.

"Nani amelifungua hili gitaa?" mzee mmoja akauliza.

Mimi ambaye jibu huwa linanitoka kabla ya swali, nikainama kufunga kamba za viatu. Mjomba akasimama.

"Mimi. Nilibadilisha mwenyewe."

Hawakumgombeza. Walimwambia tu apumzike kufundisha kwaya kwa muda. Akasema asante, akachukua koti lake, akatoka. Nikamkimbilia nje.

"Mjomba, ni mimi. Nilimwaga petroli."

"Najua. Nimekufundisha mimi, nisijue?"

"Sasa kwa nini umesema ni wewe?"

"Nilikudhamini." Akavaa koti bila haraka. "Wewe nenda kawaambie, kama unaweza."

Nikarudi mbio. Walikuwa bado wamekaa. Nikawaeleza yote, petroli, Tunduma, B na hamsini, mpaka mama wa Kizambia. Nilipofika kwa fundi na feni yake, mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata.

"Wazee, nasema kweli!"

"Kaa chini, kijana," mzee akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Tunajua unampenda mjomba wako. Lakini leo siyo siku ya vichekesho."