Godoro la Wageni

Watu wa utafiti walinikuta kliniki ya wajawazito pale Newala, mimba ikiwa ya miezi saba. Walisema wanatafuta chanzo cha pumu na mizio kwa watoto, na kwamba mtoto wangu watamfuatilia tangu kuzaliwa mpaka awe mkubwa. Neno hilo, kumfuatilia, nililirudia moyoni njia nzima mpaka nyumbani Chilangala. Kwetu mtu akikwambia anamfuatilia mtoto wako, unafunga mlango kwanza, ndipo unamuuliza anataka nini. Lakini nilisaini. Walikuwa wapole, na miguu yangu ilikuwa imevimba, nilitaka nimalize nikae.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Alipofika mwaka wa pili kifua kikaanza kulia. Akibanwa, mbavu zinaingia ndani, na macho yanatutazama kama sisi ndio tuliomkaba. Tulimpeleka hospitali, tukapewa kikopo cha dawa ya kuvuta, akapata nafuu, kisha baada ya muda yakarudi yale yale. Tangu hapo sikutaka kitu kingine duniani ila mtoto yule apumue.

Ungedhani basi ningewapokea watafiti kwa mikono miwili. Wapi! Nilizidi kuwachunga. Walimdondoshea vitone vya dawa mkononi, wakamchomachoma juu yake, wakasubiri kuona patavimba wapi, nikasimama pale kama polisi. Waliuliza kama tunafuga paka, tunapikia kuni, baba yake anavuta sigara. Nikajibu huku najiuliza nani huko mjini anahitaji kujua kama nina paka. Wakauliza kama tunaweka dawa za mashambani ndani ya nyumba. Nikasema hatuweki. Salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, ina wezi wake, na anayejua mifuko yako imelala wapi ni mmoja zaidi wa kumchunga.

Halafu wakaomba vumbi.

Alikuwa dada mmoja, muuguzi, mwenye sauti ya chini na kimashine cha kunyonya. Alitaka vumbi la godoro analolalia mtoto, likapimwe. Alisema atarudi wiki ijayo kulichukua. Alipoondoka, mama mkwe wangu, aliyekuwa anabangua korosho barazani bila kuinua macho, akaweka kisu chini.

"Mkamwana, umesikia anachotaka?"

"Nimesikia, mama."

"Vumbi la alipolala mtoto. Jasho lake, nywele zake, vyote vimo. Mimi na uzee wangu huu sijaona mtu mwema akiomba kitu hicho."

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na nilijua kabisa yule dada si mchawi. Ila kujua ni kichwani, na mtoto ni wangu. Isitoshe nilikuwa na sababu yangu nyingine ambayo sikumwambia mama mkwe: aibu. Mgeni anakuja kukunyonyea vumbi chumbani, akaandike kwenye simu yake kubwa kwamba nyumba hii ni chafu? Hata siku moja.

Kwa hiyo dada aliporudi alikuta chumba cha wageni kimedekiwa na shuka limefuliwa kwa ndoo mbili za maji, na nyie mnajua maji ya huku juu yanavyopatikana kwa taabu. Godoro lilikuwa limeanikwa juani siku nzima. Nilipanga na nguo za mtoto pembeni, na kandambili zake. Nikasema ndipo anapolala. Akanyonya, akaandika, akashukuru. Mama mkwe alimsindikiza mpaka barabarani kwa furaha ambayo sijapata kuiona. Aliporudi ndani tulicheka mpaka machozi.

Mchezo huo tuliucheza kila walipokuja. Miaka ikapita. Mtoto akaanza shule huku kikopo chake kimo kwenye mfuko wa daftari, na mwalimu akinipigia simu moyo wangu unaruka kabla sijapokea. Nilianza kuwasema watafiti waziwazi kisimani. Miaka yote hii wanapima, wanaandika, jibu liko wapi? Hawa wana lao jambo. Nilisema hivyo mimi, kwa kinywa changu hiki.

Mwaka huu, mtoto ana miaka saba, dada alikuja bila kimashine. Amenenepa kidogo, na sasa tunasalimiana kama ndugu. Alimpa mama mkwe shikamoo, akaitikiwa, akakaa mkekani, akafungua simu yake.

"Mama, nimekuletea majibu ya vumbi. Nyumba yako ndiyo safi kuliko zote tunazotembelea. Miaka yote hatujapata kitu. Na mtoto wako ni kati ya wanaobanwa vibaya zaidi." Akakuna kichwa. "Hapo ndipo tunapochoka. Tumeanza kufikiri labda chanzo hakiko nyumbani kabisa."

Mimi na mama mkwe hatukutazamana. Mtoto alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha wageni, anamsikiliza mgeni kwa adabu.

"Lile godoro si langu," akasema. "Lile la wageni. Mimi nalala kule kwenye salfa."

Dada alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Ningeweza kucheka nikasema watoto wa siku hizi waongo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilisikia kifua cha mwanangu, kile kimlio chembamba ambacho nilishazoea kukisikia kama watu wanavyozoea saa ya ukutani. Nikainuka, nikamshika dada mkono, nikampeleka chumba cha nyuma.

Nilifungua. Mifuko ilikuwa imepangwa ukutani mpaka dirishani, mmoja umechanika pembeni, na unga wa njano umetambaa sakafuni hadi chini ya kitanda kidogo. Dada alipiga chafya. Akapitisha kidole kwenye shuka, akakitazama, kikawa cha njano.

"Inakaa humu tangu lini?"

"Tangu alipofikisha mwaka. Ndipo tulipomhamishia humu."

"Na kabla ya hapo mlikuwa mnaiweka wapi?"

"Chumbani kwetu," nikasema. "Ila ilikuwa inatukohoza."